Nimepiga deiwaka ya ualimu miezi saba, shule isiyo na kengele wala fimbo (Tanga)

Baiskeli Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu salama? Miaka yote mi ni msomaji wa kimya humu, leo nimeona niweke uzi wangu maana kila nikihadithia pale kijiweni Barabara ya 12 naambiwa we muongo. Utakuwa mrefu, na naandika kwa simu iliyopasuka kioo, herufi zikirukana mtanisamehe.

Kwa kifupi mi ni mwalimu wa cheti, daraja la A, nimemaliza chuo 2018. Ajira za serikali nimeomba mpaka paswedi ya ule mfumo naijua kuliko namba ya simu ya mama yangu. Nikajitolea miaka miwili shule moja ya serikali hapa mjini, darasa la pili, watoto 130 na ushee chumba kimoja, dawati wanakaa wanne na wa tano anaegesha. Nikachoka nikahamia kwenye tuisheni za majumbani, Makorora na Mikanjuni, baiskeli yangu na begi la chaki.

Januari jamaa niliyesoma naye akanipigia, kuna shule ya watu binafsi upande wa Raskazone, madam mmoja anaenda kujifungua wanataka mtu wa kushikilia. Nikamuuliza darasa la ngapi? Akacheka, we nenda utaona mwenyewe.

Wanaopanda daladala wanaijua deiwaka. Gari si lako, ruti si yako, dereva mwenyewe kaumwa au kaenda msibani, we unashika usukani na jioni unapeleka hesabu. Ndo mimi sasa. Ila hili gari lilikuwa na madereva wawili kwa wakati mmoja, na hapo ndo penye stori, maana kufundisha peke yako nimezoea, kufundisha ukiwa wa pili ndani ya darasa la mtu, mbele ya mwenzake aliyemzoea, nilikuwa sijawahi na chuo hawakutufundisha.

Siku ya kwanza nimevaa shati jeupe na tai, saa moja kasorobo nipo getini. Nimezoea mstarini: bendera, wimbo, kukagua kucha, matangazo, kengele, watu madarasani. Hapa watoto wanaingia mmoja mmoja, wanavua viatu mlangoni, shikamoo ticha, marahaba, basi mtu anaenda zake kabatini kuchukua kazi. Nikasimama katikati ya chumba nasubiri wakae. Hawakai. Natafuta ubao wa kusimama mbele yake, hakuna mbele. Nikakohoa. Nikatoa ile sauti yetu ya watoto 130, "WANAFUNZI, HAMJAMBO!"

Watoto 24 waligeuka kunitazama kama nimepiga yowe la mwizi. Binti mmoja wa kama miaka saba, kijifagio mkononi, akanisogelea akaniambia taratibu, "Ticha, wenzio wanafanya kazi." Afu akanivutia stuli. Kale kastuli ka watoto, magoti yangu yakaja usawa wa kidevu. Na wakati nasogea kukaa nikakanyaga mkeka wa mtoto mwingine na kazi yake yote ikiwa juu yake. Hapo ndo wakapata la kusema, wakaguna darasa zima.

Mwalimu mwenzangu (humu nitamwita Dada, ananizidi miaka mingi tu) alikuwa kakaa chini pembeni na watoto wawili, kaziba mdomo kwa mtandio anacheka.

Naendelea jioni, nina mtoto wa tuisheni saa kumi.

Coastal Damu

Nimekaa siti ya mbele, kahawa na kashata vipo. Ila mkuu usitufanyie ule mchezo wa naendelea jioni afu jioni ya mwakani. Na utaje mshahara, wengine ndo tunachosubiria.

Mnazi Mkinda

Hamna jipya hapo. Watoto 24 walimu wawili, hata mi ambaye sijasomea ualimu nitafundisha. Hizo shule ni za watoto wa wenye nazo, wanalipa mamilioni mtoto akafagie darasani, wa kwetu anafagia bure kila siku na fimbo juu.

Kahawa Chungu

Mnazi Mkinda upo sahihi nusu. Kuvua viatu, mikeka, mtoto kujichukulia kazi kabatini, hiyo ni Montessori hiyo, mfumo wa kufundisha wenye jina la aliyeuanzisha, Maria Montessori. Yule mama alikuwa daktari wa Kiitaliano, na nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Januari 1907 Roma, mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa makabwela kabisa, watoto wazazi wao wakienda vibaruani wanabaki wanachafua ngazi za majengo. Hao ndo alianza nao. Imekuwaje kitu kilichoanza uswahilini kikaishia Raskazone, hilo nalo ni swali.

Baiskeli Nyeusi

Nimerudi. Kahawa Chungu umenisaidia, maana mi mwenyewe nilikuwa nadhani jina la kampuni.

Ni hivyo hivyo, ingawa na wao wamechanganya na mambo yao. Chumba kimoja kina la kwanza, la pili na la tatu, yani miaka sita mpaka tisa humo humo. Mdogo anamuona mkubwa anachofanya, mkubwa akimuelekeza mdogo na yeye kinamkaa. Asubuhi kuanzia saa mbili mpaka saa tano hakuna kukatiza, hakuna sa hizi hisabati sa hizi Kiswahili, kila mtoto ana karatasi yake ya wiki, kazi anazotakiwa amalize zipo, ila aanze na ipi ni yeye. Anachukua mkeka (mikeka midogo ya ukindu, waliisuka akina mama fulani wa huku huku), anatandika, anafanya, akimaliza anarudisha kitu mahali pake kikiwa kamili ili mwingine akikute. Saa tano uji, wanapakua wenyewe, wanaosha vikombe wenyewe. Mchana ndo kuna vipindi vya pamoja, hadithi, bustani, kuimba.

Wiki ya kwanza Dada alinipa daftari na amri moja. Tazama, andika, usifundishe. Jamani mnajua kumwambia mwalimu asifundishe wiki nzima? Ni kama kumkalisha muuza samaki pembeni ya meza yake afu akatazwa kunadi. Siku ya kwanza niliandika mistari mitatu, "watoto wanazurura, kelele kidogo, mmoja anatazama dirishani." Dada akasoma akaniuliza, huyo wa dirishani alitazama kwa muda gani, alikuwa katoka kufanya nini, na aliporudi alichukua nini? Sijui. "Basi hujatazama."

Sasa niwape moja ya karibu muelewe.

Kuna shanga. Shanga moja peke yake ni moja, kumi zimetungwa kwenye waya ni kumi, waya kumi zimeunganishwa zikawa kama kigae ndo mia, vigae kumi vikipandana vinakuwa boksi, hiyo elfu. Mtoto akiibeba ile elfu kwa mikono miwili anajua elfu ni nzito. Mi nimefundisha makumi na mamoja miaka yote kwa chaki, sijawahi kumuona mtoto akicheka kwa sababu ya uzito wa elfu.

Dogo mmoja wa miaka saba, kimya kimya, meno ya mbele hana, siku hiyo kapewa 1,347 jumlisha 2,875. Kaenda "benki" (ni trei tu pale kabatini, mtoto mmoja ndo meneja), kachukua boksi, vigae, waya na shanga moja moja za namba ya kwanza, akachukua za pili, akachanganya zote mkekani. Akaanza kuhesabu zile moja moja. Akapata kumi na mbili. Akaandika 12 pale mahali pa mamoja. Nikaona hilo kosa likija tangu mbali kama unavyoiona bajaji inakuja kukugonga. Nikainama, mkono ushatoka, nataka nimwambie kumi inahama. Dada kutoka kule upande wa pili akanikata jicho moja, nikarudisha mkono mfukoni.

Yule dogo aliendelea. Makumi akapata kumi na moja, akaandika. Mamia kumi na moja, akaandika. Elfu tatu. Jibu lake likasomeka 3111112. Akalitazama. Akatazama boksi zake tatu mkekani. Akatazama tena jibu. Akafuta lote. Akakaa, wakuu, sijui dakika ngapi, mi jasho linanitoka. Mara akachukua zile shanga moja moja akazipanga sambamba na waya wa kumi, akaona zinalingana, akafumba kumi mkononi akaenda benki. "Nataka chenji." Meneja akampa waya mmoja. Akarudi, sasa waya ni kumi na mbili, akahesabu kumi, akaenda tena benki mwenyewe anakimbia. Ikaja 4,222. Hakushangilia, hakuniita. Alirudisha vitu, akakunja mkeka, akaenda kunywa maji.

Mi ndo nilitaka kushangilia.

Na niwe mkweli, wiki iliyotangulia kwa mtoto mwingine nilishamalizia kazi nikiona namsaidia. Alinitazama akaniambia, "Ticha umenilia kazi yangu," akakunja mkeka akaondoka. Miaka yote ya ualimu sijui nimewalia kazi wangapi.

Chaki Nyekundu

Mwalimu mwenzangu nakusoma kwa makini. Nipo serikalini wilaya za huku huku Tanga, mwaka wa kumi na sita kazini. Nikwambie ukweli, hayo unayoyasema kwenye karatasi tunayo. Tangu mtaala wa 2005 tunaimbiwa kujenga umahiri, mwanafunzi atende, mwalimu awe mwezeshaji, na huu mtaala mpya umerudia hayo hayo. Semina tunaenda, tunakata mabango na maboksi tunabandika ukutani. Ukirudi darasani una 140. Ukimpa kila mtoto dakika moja tu kipindi kimeisha na haujafika wa arobaini na tano. Na la nne kuna upimaji wa taifa unakusubiri. Kwahiyo usije ukaondoka hapo ukidhani sisi hatujui.

Afu umesema hakuna fimbo. Watoto wakigombana mnafanyaje?

Mama Wawili

Na mi niulize kama mzazi, nilitaka kumpeleka wa kwangu shule ya namna hiyo, baba yake akagoma kasema mtoto atakuwa jeuri na hatajua mtihani. Wakihamia shule za kawaida inakuaje?

Baiskeli Nyeusi

Chaki Nyekundu sikupingi hata kidogo, nimetokea huko. Ile dakika moja kwa kila mtoto naijua. Na kuhusu fimbo swali lako limenigusa pabaya, ngoja niseme tu maana humu hamnijui.

Kama wiki ya tano hivi. Bustanini kuna kopo moja la kumwagilia, lipo moja kwa makusudi, wajifunze kusubiriana. Madume wawili wakalivutana, mmoja akamsukuma mwenzie kwenye matuta ya mchicha, kilio, tope, mi nilikuwa karibu, Dada yupo ndani. Mkono wangu ulifika kwenye sikio la yule aliyesukuma kabla akili haijafika. Nikalisokota. Sikulivuta sana kwa viwango vya kwetu, kwa viwango vya kwetu lile lilikuwa salamu tu. Ila bustani nzima ilinyamaza. Watoto hawakuniogopa, walikuwa wananishangaa, na bora wangeniogopa.

Tukikumbuka hata ile kanuni ya serikali yenyewe ya viboko inasema havizidi vinne, apige mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi. Masikio haijaruhusu popote. Sote tunajua tunavyofanya.

Dada hakunisema mbele ya watoto. Alikuja, akachuchumaa, akawauliza wale wawili kila mmoja aseme kilichotokea mwenzie akisikiliza, kopo likawekwa katikati yao, ikachukua muda mrefu wa kuchosha, mmoja akasema mchicha wake ulikuwa unakauka ndo maana, mwingine akasema na wake pia, wakakubaliana kumwagilia tuta kwa tuta. Mchana watoto walipoondoka akaniita chini ya mwembe. Nilijiandaa kufukuzwa. Akaniambia, "Baba, hapa na mimi nilimchapa mtoto mwaka wangu wa kwanza. Kesho kwenye duara utamuomba radhi." Nikamwambia dada yangu, mtu mzima na ndevu zangu nimuombe radhi mtoto wa miaka saba mbele ya watoto? Akasema si lazima, ila ukiacha, kesho kutwa wakipigana watakutazama mkono.

Usiku sikulala vizuri, nilimpigia mama Lushoto nikamueleza, mama akacheka mpaka simu ikakatika. Kesho yake kwenye duara nikasema. Jana nilikushika sikio, nilikuwa na hasira, nimekosea, naomba unisamehe. Dogo akafikiri. Akasema, "Haya. Ila bado linauma." Haliumi, nilimwona ananitega. Duara likacheka, na mi nikacheka. Tangu siku ile ndo wakaanza kuniletea kazi zao kunionesha, kabla ya hapo walikuwa wanampelekea Dada tu.

Mama Wawili, ujeuri sijauona, nimeona ubishi. Mtoto anakuuliza kwa nini, na ukimjibu anatulia. Ukimwambia "kwa sababu nimesema" ndo utamchukia. Kuhamia shule nyingine, sikudanganyi, kuna mmoja alihamishwa katikati ya mwaka, mama yake alikuja kutuambia wiki ya kwanza mtoto analia kwa sababu amekatazwa kunyanyuka. Hesabu hakuwa na shida. Shida ilikuwa makalio.

Na mtihani upo usidhani. La tatu wale tulianza kuwazoesha kukaa na karatasi kimya kwa muda, maana la nne linakuja na serikali haina mkeka.

Mnazi Mkinda

"Serikali haina mkeka" 😂😂 nimecheka mpaka abiria wenzangu wananitazama. Haya nimerudi, endelea, hasira zimepungua.

Coastal Damu

MSHAHARA MKUU.

Baiskeli Nyeusi

Coastal subira mzee, timu yako yenyewe imekufundisha subira.

Niseme kuhusu kufundisha wawili, maana ndo nilichoahidi nikapotelea kwenye shanga.

Watoto wana akili ya mtoto wa nyumbani, mama akikataa unaenda kwa baba. Wiki ya pili walishanijua. Anaenda kwa Dada, naomba kwenda nje, bado hujamaliza kazi yako. Anakuja kwangu na uso wa malaika, namruhusu. Dada anamuona nje, ananiona mimi. Siku ya tatu tukakubaliana swali moja, kila mtoto akija na ombi tunamuuliza "ticha mwenzangu amesemaje?" Ukidanganya unajua na mwenzio atajua. Iliisha hiyo ndani ya siku mbili. Vingine tulikuwa tunaongea kwa ishara, akigusa mtandio maana yake njoo huku, akishika daftari maana yake acha usiingilie. Nilikuwa naona kama tunacheza bao.

Ila mgumu kuliko Dada alikuwa yule ambaye hayupo. Yani madam mwenye nafasi yake. Kikombe chake kipo, kanga yake ya kufunika watoto wakisinzia ipo imetundikwa msumarini, na watoto wana rekodi yake kichwani. Naimba wimbo wa kuaga, naambiwa madam hauanzi hivyo. Natunza maua, naambiwa madam anakata chini siyo juu. Mwezi wa kwanza ilikuwa inanikera, nikawa nasema moyoni basi mfuateni huko hospitali. Tanga watu wanasema waja leo waondoka leo, mi nikajiona ndo nilivyochukuliwa humo ndani, mgeni wa kwenda na basi la jioni.

Kilichoniokoa ni daftari lake. Aliacha daftari la kurasa nyingi, kila mtoto ana kurasa zake, mwandiko wa haraka haraka. Hakuna maksi. Nakumbuka baadhi kwa maneno yake: "ukimwita kwa nguvu anaziba." "Anasoma vizuri akiwa amelala tumbo, mwache." "Bibi yake amefariki Novemba, akitaja bahari msikilize." Na yule dogo wa shanga: "haombi msaada, usidhani haelewi." Nilisoma usiku mmoja wote kama tamthilia. Miaka miwili na wale 130 nilikuwa na daftari la mahudhurio na maksi, ungeniuliza nani bibi yake amefariki ningekuambia leta barua ya mzazi.

Nikaanza na mi kuandika humo humo chini ya maandishi yake, kwa peni nyekundu ili akirudi atofautishe.

Kurudi kwenyewe sasa. Mkataba ulisema likizo ya uzazi, siku 84. Madam akajifungua mapacha, sheria inasema mapacha ni siku 100. Akaunganisha na likizo yake ya mwaka siku 28, hiyo imefika Juni shule zinafungwa, Julai akaomba aanze nusu siku kwanza. Ndo deiwaka ya miezi mitatu ikawa saba. Coastal, haya chukua: laki tatu na nusu kwa mwezi, na likizo ya Juni sikulipwa, walisema mwalimu wa muda analipwa siku za kazi. Niliuliza mara moja nikanyamaza. Hilo nalilaumu mpaka leo, maana Juni ile ile niliitwa siku tatu kuandika taarifa za watoto na nikaenda.

Hizo taarifa nazo kasheshe. Hazina nafasi ya kwanza wala ya mwisho, ni maelezo kurasa mbili, anaweza nini, anajaribu nini, yukoje na wenzake. Siku ya wazazi bibi mmoja kutoka Chumbageni, buibui lake safi, kanunua na miwani ya kusomea kabisa, nikamsomea taarifa ya mjukuu wake mwanzo mwisho, nimejipinda. Akasikiliza kwa adabu zote. Nikamaliza. Akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Sasa kawa wa ngapi?" Nikamwambia bibi hapa hatupangi namba. "Najua baba, najua. Mie sitamwambia mtu. Wa ngapi?" Nikamtazama Dada anisaidie, Dada kageukia dirishani mabega yanamtikisika. Nikamwambia bibi, kwa kusubiri zamu ya kopo la maji ni wa kwanza. Akaondoka anatamba.

Chaki Nyekundu

Bibi ndo Tanga yenyewe hiyo.

Mwalimu nina swali la kikazi. Katika yote hayo, ni lipi unaweza kulibeba ukaja nalo kwangu kwenye 140? Siyo kejeli, naomba jibu.

Baiskeli Nyeusi

Nimelifikiria sana hilo swali lako tangu mchana. Mikeka na kuchagua kazi hapana, huo ni uongo, ungehitaji vyumba vitano. Shanga nimezigeuza visoda na njiti. Njiti kumi unafunga raba band ndo kumi, vifurushi kumi kwenye kopo la maziwa ndo mia, watoto wanaokota wenyewe, hailipiwi. Na daftari. 140 huwezi, ila ukichagua watoto watatu tu kwa siku, unawatazama hao, mistari miwili kila mmoja, miezi miwili na ushee hivi na siku za kukosa umezunguka darasa lote. Nimewaza tu, sijalijaribu kwenye 140, ukilijaribu nipe majibu hata kama ni matusi.

Fimbo sikwambii kitu, unajua kuliko mimi.

Kahawa Chungu

Kuna wakati tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliiandika Machi 1967, shule iwe na shamba, mtoto ajifunze kwa kufanya. Ukiisoma siyo mbali sana na hiyo bustani yenu. Ila mi nilivyosoma shamba lilikuwa adhabu, ukichelewa unalima. Nikiona jembe hadi leo najiuliza nimekosa nini.

Mama Wawili

Madam aliporudi watoto walikupokeaje? Hujasema.

Baiskeli Nyeusi

Nilikuwa naikwepa hiyo.

Alikuja mwishoni mwa Julai na mapacha mgongoni na kifuani, mmoja mbele mmoja nyuma. Mlango ukafunguka, mikeka yote ikaachwa, hata yule binti wa fagio aliyenifundisha adabu siku ya kwanza aliruka juu ya mkeka wa mtu. Mi nikabaki na meneja wa benki tu, ambaye hakuondoka kwa sababu alikuwa hajafunga hesabu zake. Nikasema sawa, ndo deiwaka hiyo, mwenye gari karudi.

Mwezi mmoja tulikuwa watatu, yeye anakuja asubuhi tu. Siku moja nikamsikia anaanzisha wimbo wa kuaga, mtoto mmoja akamwambia, "Ticha wa baiskeli hauanzi hivyo." Madam akanitazama. Nikajifanya nafunga kamba za viatu, na viatu viko mlangoni.

Siku yangu ya mwisho Agosti nilimkabidhi daftari. Akafungua palepale, akasoma peni nyekundu ukurasa wa yule dogo wa shanga, nilikuwa nimeandika "sasa anaomba, ila anaomba kwa macho." Akasema huyu hakuniomba mimi mwaka mzima. Hakusema zaidi na mi sikuuliza. Nikachukua baiskeli.

Coastal Damu

Sasa uko wapi mkuu? Na wanaajiri? Nina mdogo wangu ana cheti yuko nyumbani tu.

Baiskeli Nyeusi

Nafasi hakuna kwa sasa, wakiwa nayo nitakuPM.

Mi nipo Makorora na tuisheni zangu. Jana mzazi mmoja kanikuta nimekaa kimya kwenye jamvi, mwanae anahangaika na visoda, kamwaga chini vyote anaanza upya mara ya tatu. Mama kasimama mlangoni mkono kiunoni, "Mwalimu, mbona hufundishi? Nakulipa elfu tatu ukae?" Nikamwambia mama nisubiri dakika kumi. Kasema anasubiri tano.

Tairi limeisha upepo, nakimbia kwa fundi kabla hajafunga, nikirudi nitajibu waliobaki.